Zamu ya Nani?

Kaunti ya Tana River imepewa jina la mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, na bado ziko sehemu zake ambako mtu akiamka alfajiri swali lake la kwanza ni maji yatatoka wapi. Bangale ni mojawapo. Iko kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, ukishaiacha nchi ya Wakamba na kabla hujafika Madogo. Ardhi pale ni kavu, migunga ni mifupi, na mto uko mbali kiasi cha kutousikia hata ukifurika. Wenyeji wake wengi ni wafugaji, Waorma na Wardei, na wengine ni wafanyabiashara waliofuata magari ya barabarani.

Nilipelekwa huko kufundisha mwishoni mwa miaka ya 1990, nikiwa ndio kwanza nimetoka chuo cha ualimu. Kwetu ni Ngao, karibu na Garsen, kwa Wapokomo, ambako mto ni jirani wa kila nyumba: unalima mpunga wake, unakula samaki wake, unapanda mtumbwi kwenda kuwasalimu shangazi zako. Kutoka Ngao hadi Bangale sikutoka nje ya wilaya, lakini nilihisi nimevuka mpaka wa nchi. Huko ndiko nilikofundishwa somo ambalo chuoni hawakunifundisha, nalo ni hili: kazi ya watu wote, isipokuwa na jina la mtu na saa yake, haifanywi na mtu, na anayeumia kwanza ni mnyonge.

Nilikuwa nikifundisha Kiingereza darasa la saba. Siku moja tulikutana na neno duty katika orodha ya msamiati. Nikawaeleza wanafunzi kuwa ni jambo linalompasa mtu kwa sababu ya kazi yake, sheria au dhamiri yake, kisha nikawataka kila mmoja alitungie sentensi. Nilipoketi jioni kusahihisha, nilikuta karibu madaftari yote yana watu wale wale: askari wa kizuizi cha barabarani, nesi wa zahanati, mwalimu wa zamu. Hakukuwa na mama, mchungaji wala mzee. Sikuwashangaa. Neno hilo liliwafikia likiwa limevaa sare, na Kenya nzima tunalitumia hivyo. Askari yuko duty, nesi ametoka duty, na karani ukimsumbua sana atakwambia hiyo si duty yake.

Daftari moja tu lilikuwa tofauti. Kijana aliandika kwamba baba yake yuko duty kisimani wiki ile. Kesho yake nikamuuliza kama baba yake ameajiriwa na idara ya maji.

“Hapana, mwalimu,” akasema. “Ni zamu yake tu.”

“Na asipokwenda?”

“Watu watapigana.”

Jumamosi nikamwomba anipeleke. Visima vyenyewe vilikuwa katika laga, mkondo wa msimu ambao wakati wa kiangazi hubaki mchanga mtupu na maji hufichama chini yake. Tulifika kabla jua halijachomoza na kumkuta mzee, baba yake, amekwisha kuja, anakanda udongo na kuziba hori lililovunjwa na kwato za jana yake. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kila siku ya zamu. Ya pili ilikuwa kuhesabu makundi yaliyoahidi kuja na kukumbuka nani anafuata nani. Ya tatu ilikuwa kuamua ugomvi. Ya mwisho, jua likizama, ni kuuziba mdomo wa kisima kwa miiba ili mnyama asitumbukie usiku.

Utaratibu haukuandikwa popote na kila mtu aliujua. Jerikeni za nyumbani zilitangulia pamoja na punda wake. Baada ya hapo ndama, na wanyama wa msafiri anayepita njia. Kisha ng'ombe, kundi kwa kundi, kwa mpangilio uliokubaliwa jioni iliyotangulia. Mbuzi walikuwa na siku zao, na ngamia, ambao huvumilia kiu, walingoja. Nikamwona mwanamke mmoja mwenye ng'ombe wachache waliokonda akinywesha mbele ya kundi kubwa la tajiri mmoja, na vijana wa tajiri wamesimama wakiegemea fimbo, hawasemi kitu.

Nikamuuliza mzee kwa nini hawaachi tu anayewahi ndiye anyweshe. Nilidhani ingempunguzia kazi.

“Mwalimu,” akasema, “anayewahi ni mwenye vijana wengi. Huyu mjane atanywesha lini?”

Nimesoma vitabu vya maadili tangu siku hiyo, na sijapata ndani yake jibu lililonishinda kama hilo. Mimi nilikuwa nikiuona wajibu kama mzigo anaobebeshwa mtu. Mzee aliuona kama ukuta unaomkinga asiye na nguvu. Pasipo mwenye zamu, kisima hakiwi cha wote bali cha mwenye ngumi.

Waorma wana undugu wa lugha na Waborana wa Isiolo, Marsabit na kusini mwa Ethiopia, na kwa Waborana mtu wa kazi hiyo ana cheo kinachojulikana. Huitwa abba herega, baba wa zamu ya kunywesha. Hapewi mshahara. Anapewa kitu kimoja ambacho maofisa wengi wanaolipwa hawana: kila mtu anajua leo ni nani. Pale Bangale nilielezwa kwamba mwenye zamu akikosa bila udhuru huitwa mbele ya wazee, na akipatikana na kosa anachinja mnyama, na wanaomla ni wale aliowachelewesha. Jina linajulikana, saa inajulikana, na mahali pa kujibu panajulikana. Nimekuja kuamini kwamba moja ya hayo matatu likikosekana, hayo mawili mengine hayasimami.

Mambo hayo niliyaona tena mahali nisipoyatazamia. Palikuwa na mzee mgeni mjini, muuza tumbaku, aliyeishi peke yake nyuma ya maduka. Hakuna aliyejua vizuri ametoka wapi. Akafariki usiku. Asubuhi habari ilienea, na mimi, ambaye ni Mkristo, nikajiuliza nani atamzika mtu asiye na ndugu. Nikamuuliza maalim wa madrasa. Akanieleza kwamba katika dini yao kuna faradhi za aina mbili. Fardhi aini ni ya kila mtu kwa nafsi yake, kama sala. Huwezi kusaliwa na mwenzako. Fardhi kifaya ni ya jamii, kama kumwosha na kumzika maiti. Wakitosha kuifanya baadhi, wengine wote wamepumzishwa. Lakini asipopatikana hata mmoja, dhambi ni ya mji mzima.

Nililipenda fundisho hilo, ila kilichonivutia zaidi ni walivyolitekeleza. Hawakukaa kungoja “baadhi” wajitokeze. Mzee mmoja alisimama mbele ya msikiti, akaanza kunyoosha kidole. Wewe na wewe, kaburi. Wewe una duka, sanda. Nyinyi wawili, kuosha. Akanigeukia na mimi: mwalimu, shule ina tangi, tuletee maji. Kabla adhuhuri haijafika faradhi ya mji mzima ilikuwa imekwisha kugawanywa kwa watu wanaoitwa kwa majina, na yule muuza tumbaku akazikwa kwa heshima kama mtu wa ukoo mkubwa. Mji haukutegemea huruma peke yake. Huruma ilikuwapo, lakini ilihitaji kidole cha kuielekeza.

Sasa nieleze upande wa pili, kwa sababu Bangale haikuwa pepo. Baadaye shirika moja lilikuja na kuchimba kisima kirefu kwa mashine, likaweka injini ya dizeli na tangi juu ya nguzo. Palifanyika sherehe. Ikaundwa kamati yenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe wa kutosha, wanawake kwa wanaume. Kwa muda mfupi tulichota maji kwa bomba na tukasahau laga. Kisha siku moja injini ikanyamaza. Dizeli ilikuwa imekwisha.

Ukimuuliza mwananchi, alisema hilo ni la kamati. Ukimuuliza mwanakamati, alisema anawangoja wenzake. Mwenyekiti alikuwa amesafiri, mweka hazina hakuwa na ufunguo, na katibu alisema yeye ni wa kuandika tu. Watu hao hao, nakumbusha, walikuwa hawajakosa zamu kule laga hata wakati wa joto kali kabisa. Hawakuwa wamegeuka wavivu kwa kuwekewa injini. Walichopewa ni vyeo, na vyeo havikuja na zamu. Mwenyekiti ni mwenyekiti Januari mpaka Desemba; kwa hiyo hakuna asubuhi hata moja ambayo ni yake kuliko nyingine.

Aliyetutoa katika aibu hiyo alikuwa mama mmoja aliyeuza maziwa ya ngamia kwa abiria wa mabasi. Alisimama mkutanoni akasema hataki kusikia tena neno kamati. Alitaka kila wiki ufunguo na daftari la pesa viwe mikononi mwa nyumba moja, na jina la nyumba hiyo liandikwe kwa mkaa chini ya tangi, mahali ambapo hata mtoto atalisoma. Wazee walicheka, kisha wakakubali. Injini ikaunguruma tena. Haikuwa dawa ya kila kitu, maana mashine ilikuja kuharibika kipande ambacho hakikupatikana hata Garissa, na kwa hilo mkaa hausaidii. Ila dizeli haikukosekana tena, na mtu aliyechukua pesa bila kuandika alijulikana kabla wiki haijaisha.

Tuna methali inayosema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli. Lakini kabla chawa hajavunjwa, lazima vidole viwili vijulikane ni vipi. Tunaposifia umoja tukasahau kugawana kazi, tunakuwa tumewapa wavivu mahali pa kujificha.

Huku chini kwetu, Garsen, nimeona pia gharama ya kulisahau jambo hilo. Wapokomo hulima kingo za mto, Waorma huleta mifugo kunywa wakati wa kiangazi. Baina ya mashamba huachwa njia ya ng'ombe kufikia maji, nayo huitwa malka. Nilipokuwa mtoto niliona malka kama barabara ya kawaida tu. Nilipokua nikaelewa kwamba ilisimama juu ya wajibu wa pande mbili: mkulima asiilime, na mfugaji asiache ng'ombe wake watoke nje yake. Mmoja akikiuka, wazee wa gasa wa Wapokomo na wazee wa matadeda wa Waorma walikaa pamoja, wakahesabu mimea iliyoliwa au njia iliyozibwa, wakatoza.

Mambo mengi yaliubana utaratibu huo kwa miaka: ukame, upimaji wa ardhi, miradi mikubwa, siasa, na bunduki. Mwaka 2001 damu ilimwagika. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa, na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kisasi kikaleta kisasi, hadi mapema mwaka 2013 waliokufa walikuwa zaidi ya 100. Sitaki kujifanya najua sababu zote. Ninachokumbuka ni mazungumzo ya wakati ule katika magari, maduka na makanisa. Kila upande ulizungumzia haki yake, mmoja ya ardhi, mwingine ya maji, na pande zote mbili zilikuwa na hoja. Sikumsikia mtu akiuliza ni nani, kwa jina, aliyekabidhiwa kuilinda malka ya mahali fulani, na ni nani wa kuitwa malka ikizibwa au shamba likiliwa.

Lazima niseme pia kwamba eneo hili limeonja wajibu wa namna nyingine, ule unaoletwa kwa rungu. Hola, ambayo leo ndiyo makao makuu ya kaunti, ilikuwa na kambi ya wafungwa wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa waliokataa kazi ya lazima katika mradi wa umwagiliaji walipigwa na walinzi mpaka 11 wakafa. Serikali ya kikoloni kwanza ilidai kwamba walikufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Uongo huo ulifichuka, Bunge la Uingereza likalijadili jambo hilo, na hakuna aliyefungwa kwa vifo hivyo. Wafungwa waliambiwa kufanya kazi ni wajibu wao. Waliokuwa na wajibu wa kuwaweka hai hawakushtakiwa na mtu. Kwa hiyo ninaposifu zamu, simaanishi utii. Yule mzee wa laga alikuwa na mamlaka ya kumwambia tajiri angoje, lakini naye aliweza kuitwa mbele ya wazee jioni ile ile. Mwenye kudai wajibu kwa wengine bila yeye kuulizika ni mnyapara tu.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imejaribu kuliandika jambo hili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti huduma za maji. Kifungu cha 73 kinasema madaraka ya ofisa wa serikali ni amana ya wananchi. Ni maneno mazuri, na miaka ya kabla yake hatukuwa nayo. Lakini haki iliyo katika karatasi inafanana na ile kamati yetu ya dizeli: ina cheo, haina asubuhi yake. Mkazi wa Bangale anaposoma kwamba ana haki ya maji, anahitaji kujua pia ni ofisa gani, wa ofisi ipi, anayetakiwa kuhakikisha lori la maji limefika wiki ya ukame, na asipohakikisha atamjibu nani.

Mafuriko yanatuuliza swali hilo hilo kutoka upande mwingine. Juu ya mto kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua zikizidi na mabwawa yakafurika, maji hayo huchukua siku kadhaa kufika kwetu. Novemba 2023 barabara kati ya Madogo na Garissa ilikatika, magari yakakwama, watu wakavushwa kwa mashua. Ilikatika tena masika ya mwaka 2024, na tarehe 28 Aprili mashua iliyojaa abiria ikazama eneo la Mororo, jirani na Madogo. Watu 23 waliokolewa, wengine wakafa maji. Siku zile maji yanaposafiri kutoka milimani ni akiba kubwa. Zinatosha kupita nyumba kwa nyumba, kuhamisha wagonjwa, kuhesabu abiria wa kila mashua. Tangazo la redio linawaambia wote, na wote wakiambiwa kwa pamoja kila mmoja hudhani jirani yake ndiye atakayembeba bibi kizee wa nyumba ya mwisho.

Nimestaafu sasa, na bado hualikwa kuzungumza na walimu wanaoanza kazi. Huwaambia waanzie na mambo madogo ya shule. Ubao wa zamu usiandikwe “Darasa la sita watafagia.” Uandikwe majina, siku, na jina la atakayekagua. Mwalimu wa zamu naye ajulikane kwa watoto, ili mtoto aliyeumia asizunguke ofisi tatu akitafuta mtu wa kumsikiliza. Mtoto aliyezoea hivyo atakapokuwa diwani au daktari hataona ajabu kuulizwa.

Na wewe msomaji nakuomba jambo lisilogharimu pesa. Utakapohudhuria tena baraza la chifu, mkutano wa wazazi, wa chama au wa mtaa, na kiongozi akamaliza kwa kusema sote tuwajibike, usipige makofi bado. Inua mkono, uulize kwa adabu maswali matatu: ni nani atakayelifanya, lini, na asipolifanya atajibu mbele ya nani? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano na yasomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Na kama zamu ya kwanza haijapata mtu, toa jina lako.